Hulk, Chacha Wangwe na asainimenti ya kundi

Najua nimepotea. Wiki mbili kimya, hadi kuna mmoja wenu kanitumia meseji kuniuliza kama nimedisko. Sijadisko (bado). Ni mambo ya majaribio, bumu lililochelewa, na juu ya yote hayo asainimenti moja ya kundi ambayo nusura initoe roho. Mada ya leo imenikaa kichwani siku tano sasa na nisipoitoa sitasoma kitu, kwa hiyo vumilieni, ni ndefu. Wenye haraka rudini kesho.

Ilianza hivi. Jumamosi usiku mwenzangu wa chumbani, jamaa wa Tanga, alikuwa anaangalia Avengers kwenye laptop, na chumba kimejaa kama kawaida maana kwetu ndiko kuna spika. Lile jitu la kijani, Hulk, likawa linavunja kila kitu, adui na rafiki. Jamaa akasimamisha picha, akageuka: "Mura, wewe ungekuwa mkuu wa hili kundi, ungelichukua hili jitu?" Kabla sijajibu mmoja kule kwenye kitanda cha juu akadakia, "Sasa unamuuliza Hulk mwenyewe?" Chumba kizima kikacheka.

Na mimi nilicheka. Kwa msiojua, mura ndivyo sisi watu wa Mara tunavyomwita kijana wa kiume, na hapa chuoni limeshakuwa jina langu. Lakini kile kicheko kilinichoma kidogo, na sababu yake ni ya Alhamisi iliyotangulia.

Alhamisi kundi letu la watu nane tulikutana kugawana kazi ya historia: vyama vya siasa Tanzania tangu 1992. Wawili kati yetu hawajawahi kuandika hata sentensi moja tangu muhula uanze, ila majina yao yapo kwenye jalada la kila kazi. Nikasema. Nakiri nilisema kwa sauti, na nakiri ilikuwa kantini, watu wanakula. Kiongozi wa kundi akanijibu mbele ya wote kwamba ndiyo maana watu hawapendi kufanya kazi na Wakurya. Nikanyanyuka, nikajitoa kwenye grupu la WhatsApp, Ijumaa asubuhi nikaenda kwa mhadhiri kuomba nifanye peke yangu. Mhadhiri hata hakuinua kichwa. Akasema, "Kijana, hapa hakuna mgombea binafsi."

Basi. Hiyo sentensi na swali la jamaa wa Tanga vikagongana kichwani. Je, mtu wa moto, mtu wa kusimama peke yake, anaweza kukaa kwenye timu? Au timu inamchukua tu kwa kazi chafu halafu inamtema?

Nianze na Hulk mwenyewe, maana jamaa wengi wanamjua wa kwenye filamu tu. Toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Avengers lina tarehe ya Septemba 1963, limeandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Waanzilishi walikuwa watano: Iron Man, Thor, Ant-Man, Wasp na Hulk. Mnajua Hulk alikaa kwenye timu matoleo mangapi? Mawili. Na hakufukuzwa kwa hasira zake. Kuna kiumbe wa angani alijigeuza akafanana naye, akawapiga wenzake, na ukweli ulipojulikana Hulk alikuwa ameshaona kilichomo mioyoni mwa wenzake. Aliona kwamba hawakupata shida yoyote kuamini kuwa ni yeye. Akaondoka zake. Nafasi yake ya nguvu ikachukuliwa miezi michache baadaye na Captain America, kijana mtiifu wa jeshi, toleo la nne.

Wolverine ni kesi nyingine. Huyu alitokea 1974 ndani ya kitabu cha Hulk, kaja kupigana naye, na mwaka uliofuata akaingizwa X-Men. Mkali, haongei na watu, anaondoka bila kuaga. Lakini anarudi. Zaidi ya miaka hamsini sasa anarudi. Tofauti ni nini? Mimi nadhani ni kwamba timu ya Wolverine ilikuwa na nyumba, tena nyumba yenyewe ni shule. Walimu wenzangu mtafurahi kusikia kwamba kwenye vitabu vya 2011 jamaa aliishia kuwa mkuu wa shule kabisa. Fikiria hayo makucha kwenye kikao cha wazazi.

Turudi nyumbani. Mimi ni wa Tarime upande wa baba, na upande wa mama ni Wangoreme wa Serengeti, njia ya kwenda Mugumu. Kwa mjomba wananiona mpole sana, kiasi wananionea huruma. Kwa hiyo hii habari ya "nyie Wakurya hasira" nimekutana nayo nikiwa mkubwa, nilipopanda basi kwenda shule ya bweni mkoa mwingine. Na kuna kitu kwenye hilo neno ambacho hakikai sawa. Waingereza waliandikisha Wakurya kwa wingi KAR wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na hata baada ya uhuru sifa ya Mkurya ni askari. Sasa jeshi ni nini kama si timu? Tena timu yenye amri kuliko zote. Huwezi kusema watu fulani hawawezi kukaa kwenye kundi halafu hao hao ndio uwajaze kwenye paredi. Na kabla ya mkoloni, kijana wa Kikurya alitahiriwa pamoja na wenzake wa rika, saro, na hao ni timu yake hadi kaburini. Hakuichagua na hawezi kujitoa.

Lakini tuache saro, maana nina mtu mmoja mahususi ninayetaka kumzungumzia. Chacha Zakayo Wangwe.

Wengi wenu mlikuwa wadogo kama mimi. Mwaka 2008 mimi nilikuwa na miaka mitano, na ninachokumbuka ni redio tu: watu wazima wamekaa kimya kuizunguka, na sisi watoto tunaambiwa tukacheze mbali lakini tusitoke nje ya boma. Yaliyobaki nimeyajua baadaye kwa kusoma na kwa kumsumbua baba mkubwa kwa simu.

Wangwe aliingia bungeni 2005 kuwakilisha Tarime kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka ule Kikwete alishinda kwa zaidi ya asilimia 80 na CCM ilizoa karibu kila kitu bara. CHADEMA ilipata majimbo matano tu nchi nzima: Karatu ya Dk. Slaa, Moshi Mjini ya mzee Ndesamburo, Kigoma Kaskazini ya Zitto Kabwe, Mpanda Kati ya Said Arfi, na Tarime ya Wangwe. Watano, kama wale wa 1963. Siwezi kuacha kulitaja hilo jamani, nisameheni.

Na kati ya watano hao, kila mtu alijua nani ni Hulk. Wangwe alikuwa na maneno makali, hana simile, anasema mbele ya mwenye jambo. Jina lake halikutengenezwa na chama. Lilitengenezwa Tarime, kwenye mambo kama ya mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, ambako watu waliohamishwa na wachimbaji wadogo walikuwa wanalia muda mrefu na hakuna aliyekuwa anawasikiliza. Chama kilimpokea akiwa tayari ana watu wake. Kikampa na cheo: Makamu Mwenyekiti wa taifa.

Hapo ndipo swali la jamaa wa Tanga linapoanza kuwa la kweli. Ukali ule ule uliokuwa mtamu ukielekezwa kwa serikali na kwa mgodi, siku ukageuka kuelekea ndani. Wangwe alianza kulalamika hadharani kuhusu uongozi wa chama chake na namna ruzuku inavyotumika, na akaonyesha nia ya kugombea uenyekiti dhidi ya Freeman Mbowe. Uongozi ulikanusha tuhuma zake, ukasema anavunja utaratibu wa chama kwa kutoa ya ndani nje. Katikati ya 2008 akasimamishwa umakamu mwenyekiti.

Nimejaribu kusoma hoja za pande zote mbili na sitajifanya hakimu. Ila nataka mtambue jambo moja. Walimvua kofia, hawakumfukuza uanachama. Aliendelea kuwa mbunge wa CHADEMA. Kwa nini? Nitarudi hapo.

Usiku wa Julai 28, 2008 Wangwe alikufa kwa ajali ya gari Pandambili, wilaya ya Kongwa, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Wiki chache tu baada ya kusimamishwa. Mnaweza kufikiria maneno yaliyozagaa. Tarime hakuna aliyetaka kusikia neno "ajali". Mazishi yaliahirishwa hadi mwili ufanyiwe uchunguzi mara ya pili, na viongozi wa kitaifa wa chama chake walipokelewa kwa hasira na baadhi ya waombolezaji. Baadaye mahakama ilimtia hatiani kijana aliyekuwa anaendesha lile gari kwa makosa ya uendeshaji, akafungwa. Kwa sheria jambo likaishia hapo. Kwa vijiweni, nendeni Tarime mkaulize wenyewe.

Sasa kila mchambuzi alijua CHADEMA imeshapoteza jimbo. Watu wamegeukia chama, mpiganaji wao kafa akiwa kwenye ugomvi na chama, CCM wanamwaga nguvu zote. Uchaguzi mdogo ukafanyika Oktoba 12, 2008. CHADEMA ikashinda. Charles Mwera akawa mbunge.

Hili nilikuwa silielewi kabisa hadi Jumapili hii nilipompigia baba mkubwa. Nikaamkia, nikamuuliza moja kwa moja: baba, mliwakasirikia wale viongozi msibani, halafu mkawapa kura, mlikuwa mnafikiri nini? Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Akasema, "Mura, lile basi tulilipanda sisi kumpeleka Chacha. Abiria wetu akafa njiani. Ulitaka tushuke tuwaachie na basi?"

Sijasoma kitabu chochote cha siasa chenye sentensi kama hiyo.

Maana yake ni kwamba tumekuwa tukiangalia kinyume. Chuoni tunauliza kama shujaa mpweke ataweza kukaa kwenye timu, utafikiri hana kwao. Wangwe hakuwa mpweke hata kidogo. Mbele ya wenzake wa Dar alionekana mpweke kwa sababu timu yake ya kwanza haikuwa mezani. Ilikuwa Tarime, inasikiliza redio. Ndiyo maana walimvua kofia wakaogopa kumfukuza, maana kumfukuza yeye ni kujifukuza Tarime. Na ndiyo maana kifo chake hakikuivunja CHADEMA kule. Waliokuwa nyuma yake walikuwa na hesabu zao.

Mkitaka kuona mtu wa moto asiye na kwao nyuma yake, mwangalieni John Okello. Huyu alikuwa Mganda wa Lango, alifika Pemba 1959 kutafuta kazi, na Januari 12, 1964 dunia ikaamka inasikia sauti yake kwenye redio ya Zanzibar, Fildi Masho, serikali ya sultani imeanguka. Karume na Babu wakati huo walikuwa Dar. Vitisho alivyotangaza redioni viliwaogopesha hata waliokuwa upande wake. Damu iliyomwagika siku zile ni nyingi na sitaki kuipitia kama hadithi ya katuni. Ninachosema ni hiki: kabla miezi miwili haijaisha, walikuwa wameshamzoea Okello kwa kazi ile na hawamtaki kwa kazi iliyofuata. Machi alipotoka bara kurudi kisiwani akazuiwa kuingia. Ikaisha. Hakuna kijiji Unguja kilichosimama kumdai, hakuna jimbo la kupoteza kwa kumtupa, lafudhi yake yenyewe ilikuwa ya mgeni. Aliandika kitabu chake kikatoka 1967, akaonekana Uganda baada ya Amin kuchukua nchi 1971, kisha akapotea. (Na ndiyo, Hulk aliondoka Avengers Novemba 1963, miezi miwili kabla. Jamaa wa Tanga anasema natafuta uchawi pasipo na uchawi.)

Halafu kuna aina ya tatu, mwenye watu wengi kuliko timu yenyewe. Hapa namsema Augustine Mrema, na hapa tena Mara ipo ndani. Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa kutoa siku saba, aligombana na serikali yake, Februari 1995 akawa nje, na mara moja NCCR-Mageuzi wakamchukua. Waanzilishi walikuwa wasomi na wanasheria, na mwenyekiti wao alikuwa Mabere Marando, mtu wa Rorya, wakati huo Rorya bado ni sehemu ya wilaya ya Tarime (imekuwa wilaya yake 2007). Marando akampisha Mrema kiti cha uenyekiti, yeye akawa Katibu Mkuu. Hebu fikiria hilo. Unajenga nyumba miaka kadhaa, anakuja mtu maarufu, unampa kitanda chako.

Mwanzoni ililipa. Mrema alipata karibu asilimia 28 za kura za urais 1995. Mara ilikuwa shamba la NCCR: Marando akachukua Rorya, Wassira akambwaga Jaji Warioba Bunda, ingawa mahakama baadaye ilitengua ule ushindi. Kisha kuanzia 1997 Mrema na Marando wakawa hawaivi chungu kimoja, pande mbili, kesi mahakamani, kila mmoja anasema chama ni chake. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Uchaguzi wa 2000 yeye akapata chini ya asilimia 8, na NCCR iliyokuwa ya kwanza kwa kura za urais upande wa upinzani ikarudi bungeni na kiti kimoja. Umati ulikuwa wa Mrema kweli, ila ulikuwa umati wa barabarani, unasukuma gari lake leo, kesho unasukuma lingine. Si kama wa baba mkubwa, aliyekataa kushuka kwenye basi.

Sasa lile nililoahidi kurudia. Kwa nini watu kama Wangwe, Mrema, Zitto wasingesimama tu peke yao? Hapa ndipo utani wa mhadhiri wangu una historia ndefu kuliko alivyokusudia. Katuni za Marekani zina jangwa. Hulk akichoka anaenda jangwani, toleo linalofuata anarudi na kitabu chake mwenyewe. Tanzania haina jangwa. Katiba inasema mgombea ubunge sharti awe mwanachama na adhaminiwe na chama, na mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge umekwisha. Kwa hiyo kila mtu mpweke analazimika kutafuta timu, na kila timu inajua imeshika kisu kwenye mpini.

Aliyepigana na jambo hili maisha yake yote alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila wa DP. Alifungua kesi 1993, na 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akampa ushindi, kwamba mgombea binafsi ni haki. Serikali ikapeleka marekebisho ya Katiba mwaka huo huo kuziba mlango. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha ushindi huo 2010, ikisema hilo ni la Bunge. Akaenda hadi Mahakama ya Afrika pale Arusha, na Juni 2013 ikasema Tanzania imevunja haki zake. Alifariki kwa ajali ya gari mkoani Pwani Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mwingine usio na mgombea binafsi. Wa 2020 nao ukapita hivyo hivyo.

Kituko cha historia ni kwamba huyu mtetezi wa wapweke alifika Tarime kwenye ule uchaguzi mdogo wa 2008 kumpigia debe mtu wa DP. Akagusia kifo cha Wangwe jukwaani. Mkutano ukaishia kwa mawe, akaumia. Msiba wa nyumba haukuwa wa kuchezewa na mgeni, hata kama mgeni mwenyewe ni shujaa. Sisifii mawe, naeleza tu nilichosimuliwa na kilichoandikwa.

Kuna mtu atasema kwenye maoni kwamba nawatetea wakorofi. Hapana. Kuna timu ambayo mkorofi anaiua kweli, NCCR ni ushahidi. Na pia siwezi kusema ukali wa Wangwe ulikuwa na busara kila mara, kuna mambo yangesemwa kikaoni kwanza. Ila kikao chenyewe kiwepo, na kiwe cha kusemeana kweli. Kwetu kuna ritongo, mkutano wa wanaume wote wa eneo chini ya wazee, na kazi yake kubwa siku hizi ni wizi wa ng'ombe. Ina makosa yake mengi, mama na dada zangu hawana sauti pale, na adhabu zake wakati mwingine ni za kumtenga mtu hadi aombe poo. Lakini ina kitu kimoja: mtu mkali anatakiwa aongee. Akinyamaza ndipo wazee wanaogopa. Mwenye hasira akisimama ritongo hakuna anayeshangaa na hakuna anayesema ndivyo walivyo watu wa ukoo fulani. Anasikilizwa, anajibiwa, anapigwa faini akikosea, anarudi kukaa.

Na angalia wale watano wa 2005 walivyoishia. Zitto, kijana wa takwimu na hoja, alitaka kugombea uenyekiti 2009 akaombwa aondoe jina, 2013 akavuliwa nyadhifa, 2015 akafukuzwa na kwenda ACT-Wazalendo. Dk. Slaa, mpole, padri wa zamani, aliyekuwa mgombea urais 2010, akaondoka 2015 baada ya Lowassa kupokelewa. Ndesamburo alifariki 2017 akiwa mwanachama. Na Wangwe, yule yule Hulk, alikufa na kadi ya chama mfukoni. Wapole wawili waliondoka. Mkali hakuondoka. Mnisaidie kulielewa hilo.

Halafu mwishoni kabisa, Januari 2025. Mbowe alikuwa mwenyekiti tangu 2004, na anayempinga kwenye kura ni makamu wake mwenyewe, Tundu Lissu, naye si mtu wa kunong'ona. Walirushiana maneno hadharani wiki nzima, wajumbe wakakesha, kura zikahesabiwa kweupe: Lissu 513, Mbowe 482. Mbowe akakubali matokeo. Kile ambacho 2008 kilimfanya makamu mwenyekiti avuliwe kofia, 2025 kilikuwa ni uchaguzi. Na kiti cha makamu bara kilichobaki wazi kikaenda kwa John Heche. Wa Tarime. Nilimpigia baba mkubwa asubuhi ile, hakupokea. Alikuwa kwa jirani, redioni.

Jamaa wa Tanga amesoma hadi hapa juu ya bega langu na anasema bado sijajibu swali lake. Nimemwambia ningemchukua Hulk, ila kwanza ningeenda kuonana na watu wa kwao.

Kuhusu asainimenti: jana jioni nilimfuata kiongozi wa kundi chumbani kwake. Sikuomba radhi kwa nilichosema, niliomba radhi kwa kukisemea kantini. Yeye akaomba radhi kwa lile neno la Wakurya, kwa shida kidogo, anaangalia ukutani. Majina ya wale wawili tumekubaliana yatajadiliwa kundi zima likiwepo na wao wenyewe wakiwepo, Jumatano saa kumi, chini ya mwembe wa maktaba. Mimi nimepewa sehemu ya NCCR, na mmeona wenyewe hapo juu nimeshaanza kuiandika. Nimerudishwa kwenye grupu pia. Kuna meseji 214 sijasoma, na nyingi naona ni za kunisema.

Chaji imebaki asilimia sita na umeme wa bloku letu mnaujua. Tuonane kwenye maoni.